Upande wa Moto

Gari lililobeba boila lilipopita mbele ya duka la Tak, Pyo Mansik alikuwa ameinama akichagua misumari, na hakuona kitu zaidi ya vumbi. Aliyeona ni Tak mwenyewe, mwenye duka. Alisimama na ufagio mkononi kama mtu aliyesahau alikuwa anafagia nini, akalisindikiza gari kwa macho mpaka lilipokata kona kuelekea kwa Bi Maeng.

"Baba Gijun," akaita.

"Misumari yako imeshika kutu."

"Achana na misumari. Unajua nani amekaa pale mbele, pembeni ya dereva?"

Mansik hakuinua kichwa. "Mtu mwenye makalio, nadhani."

"Mwanao."

Mzee aliendelea kuchagua. Alichagua misumari mingi kuliko aliyoihitaji, mizima na yenye kutu pamoja, akalipa, akaiacha juu ya meza, akatoka. Tak akamwita kwa nyuma, na misumari je, lakini mwenzake alikuwa amekwisha kuvuka barabara, mikono mgongoni, akitembea kama mtu mwenye mahali pa kwenda.

Hakuwa na mahali pa kwenda. Alikwenda nyumbani, akakaa barazani, akatazama mlima.

Kijiji chao kiko juu, mahali ambapo theluji huwahi kufika na huchelewa kuondoka, na tangu ujana wake hapakuwa na nyumba pale ambayo Mansik hakuitambaa kwa magoti. Alikuwa fundi wa sakafu za moto. Jikoni wanawake walipika wali, na moshi wa jiko, badala ya kupotea, ulipita chini ya chumba cha kulala katika mifereji aliyoichimba yeye, ukayapasha mabamba ya mawe aliyoyapanga yeye, kisha ukatokea kwenye dohani upande wa pili. Juu ya mawe udongo, juu ya udongo karatasi iliyopakwa mafuta, juu ya karatasi watu. Juu ya hizo karatasi watu walikula, walizaliwa, waligombana na walikufa.

Mwenye nyumba akipata mgeni humwonyesha paa, humwonyesha nguzo na mlango. Hajatokea mtu aliyefunua karatasi akasema, tazameni, hii ni kazi ya Mansik. Ndivyo dunia ilivyo na watu wake: humsifu aliyejenga kinachoonekana, na yule aliyekibeba kijiji kizima mgongoni humpita njiani akidhani ni mzee tu mwenye magoti mabovu. Mansik hakulalamika. Alisema fundi wa chini akianza kutaka kuonekana ataacha nyufa.

Maneno yake mengi yalitoka huko chini ya sakafu. Alisema moto hata mlevi anaweza kuuwasha, lakini kazi yenyewe ni kuutafutia moshi njia. Alisema jiwe nene likae karibu na moto na jembamba mbali, kwa sababu jembamba likiupata moto kwanza litawaka upesi na litapoa upesi, na usiku wa manane wenye nyumba wataamka wanatetemeka. Vijana waliokuwa wanakaribia kuoa walikwenda kumwuliza mambo ya ndoa, nusu kwa utani, naye aliwauliza kama wamechimba shimo.

"Shimo gani, mzee?"

"La masizi."

Maana kabla ya dohani alichimba daima shimo lenye kina kuliko mifereji yote. Moshi ulipofika hapo ulipunguza mwendo, ukaangusha masizi yake, ukatoka ukiwa mwepesi. Na upepo mbaya ulioshuka kwa dohani ulitumbukia hapo ukafia hapo, usiweze kuurudisha moshi chumbani. Nyumba isiyo na shimo, alisema, siku ya upepo itatapika yote machoni mwa wenyewe. Na mtu ni hivyohivyo. Asiyekuwa na mahali ndani yake pa kuangushia masizi, yatamtoka mdomoni.

Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata mara moja. Sakafu ikikamilika, kabla mwenyewe hajaingiza hata mkeka, Mansik aliwasha moto, akafunga milango na madirisha, akalala juu yake mchana kutwa. Moshi usioonekana ndio unaoua. Miji ya bondeni ilipoanza kuchoma makaa ya mawe, ufa mmoja mwembamba kama unywele ulitosha kumaliza familia wakiwa usingizini. Fundi hulala kwanza, alisema, na akilala asiamke, basi mwenye nyumba atafute fundi mwingine.

Gijun alikuwa mwanawe wa pekee, na haya yote aliyajua kabla hajaota ndevu. Alikuwa na mkono mzuri. Alipiga jiwe kwa kidole akajua unene wake kwa mlio. Kisha yakaja mabomba. Watu wa mijini waliacha mawe, wakaweka boila za mafuta na mabomba ya maji ya moto ndani ya saruji, na jioni moja Gijun akamwambia baba yake kwamba anakwenda mjini kujifunza kazi hiyo, kwa sababu baada ya miaka michache hapatakuwa na mtu wa kuwaita watambaa kwa magoti.

Mansik aliyekuwa akiwashauri vijana juu ya shimo la masizi alikuwa na mifereji tu ndani yake. Upepo ulishuka, na yote yakatoka.

"Ukienda kuwalaza watu juu ya mabomba," alisema, "usirudi kulala juu ya sakafu yangu."

Ulikuwa upepo wa jioni moja. Lakini neno lilitoka zima, na Gijun alilipokea zima.

Mwaka wa tatu tangu aondoke, mama yake alifariki. Gijun alikuja, akavaa nguo za katani za wafiwa, akasujudu, akapokea wageni, akabeba jeneza mpaka mlimani. Na siku zote za msiba alilala nje, kwenye mbao za baraza, theluji ikimpulizia blanketini, wakati ndani sakafu ilikuwa na joto la kuivisha viazi. Shangazi zake walimbembeleza. Aliwaambia ndani kuna watu wengi, watabanana. Katika nyumba nzima ni Mansik pekee aliyejua anaambiwa nini. Alilala upande wa moto, mahali pa mkubwa wa nyumba, akasikiliza mbao za baraza zikilia kila mwanawe alipojigeuza. Kufungua mlango na kusema ingia kungehitaji neno moja. Alilitafuta mpaka asubuhi.

Baada ya mazishi Gijun aliondoka. Mansik akabaki na nyumba, na bakuli.

Mke wake alikuwa na desturi ya wanawake wote wa pale. Mtu wa nyumbani akiwa mbali, wali wake ulipakuliwa kila siku katika bakuli la shaba lenye kifuniko, likafunikwa kwa blanketi zito upande wa moto, penye joto kuliko pote. Akitokea, anakuta chakula cha moto. Asipotokea, kesho wanakula waliopo, na mwingine unapakuliwa. Mama Gijun alikuwa amelifunika bakuli la mwanawe tangu siku aliyoondoka. Alipokufa yeye, Mansik aliendelea. Kwa kuwa alikuwa peke yake alipika mara moja tu, mchana, akala kidogo, akalijaza bakuli na kulifunika. Tak alimkuta siku moja akichomeka pembe za blanketi kama mtu anayemlaza mtoto, akamwuliza ni la nani.

"Langu. Uzee umenipa uvivu. Napika leo, nakula kesho."

Tak alilitazama bakuli. Lilikuwa bakuli kubwa, la kijana anayebeba mawe.

Sasa Gijun alikuwa amekuja kung'oa sakafu ya Bi Maeng.

Sakafu hiyo ilikuwa ya kwanza kabisa ambayo Mansik aliilaza akiwa fundi wa kujitegemea. Mawe yake aliyatoa mtoni mwenyewe wakati maji yalipopungua. Bi Maeng alikuwa bibi mzee, mjane ambaye hakuwa na uhakika wa ujane wake, na mgongo wake ulikuwa haukubali tena kuinama mbele ya jiko. Binti yake aliyeolewa mjini ndiye aliyemlipia boila. Hapakuwa na wa kumlaumu. Mansik alilijua hilo, ndiyo maana lilimuuma bila kumpa mahali pa kushikia.

Asubuhi alichukua shoka, akapanda mlimani kukata kuni. Mlima una pande nyingi, lakini yeye alichagua ule unaotazama uani kwa Bi Maeng. Kuni alizokata wiki ile zingewatosha watu watatu msimu mzima. Kila alipochoka alikaa juu ya gogo, akatazama chini.

Aliwaona wakitoa mawe. Wafanyakazi walikuwa wawili, Gijun na mwenzake mnene mwenye kofia nyekundu. Kila bamba lililotoka mlangoni, hata kutoka umbali ule, Mansik alilijua: hili lenye doa jeusi lililokaa mdomoni mwa jiko, hili lililopasuka pembeni akaliziba kwa kokoto. Alisubiri nyundo. Watu wa mabomba huyavunja mawe ya zamani wakayatumia kujazia chini ya saruji, na ni kazi nyepesi zaidi kuliko kuyahamisha. Kofia nyekundu aliinua nyundo. Gijun alimwambia kitu, nyundo ikashuka taratibu. Kisha Gijun akaanza kuyabeba moja moja, amelikumbatia kila bamba kifuani, masizi yakimpaka shati, akayaegemeza kwenye ukuta nyuma ya mitungi ya kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili.

Jioni yote yalikuwa yamesimama pale kwa safu. Mansik aliisoma safu kutoka juu. Jiwe nene lilianza kushoto, la pili jembamba kidogo kuliko la kwanza, la tatu kuliko la pili, mpaka la mwisho upande wa kulia lililokuwa kama sahani. Yalikuwa yamepangwa kama yalivyolala chini ya ardhi, kutoka motoni mpaka dohani.

Alishindwa kunyanyua shoka tena siku ile.

Kesho yake Tak alipanda kumfuata, akihema, na chupa ya pombe ya mchele kwapani.

"Kuni zote hizi za nini, Baba Gijun? Unataka kuupika mlima?"

"Baridi ya mwaka huu itakuwa kali."

"Baridi iko chini pia. Shuka."

"Nishuke nifanye nini? Yeye ndiye mdogo. Mdogo ndiye humwendea mkubwa."

"Na mkubwa ndiye aliyemkataza asirudi."

"Nilimkataza kulala. Kupita sikumkataza."

"Haya, hayo kawaambie mahakimu." Tak alikaa kwenye gogo, akamimina. "Jana alikuja dukani kununua sigara. Ameniuliza kama dohani yako inavuta vizuri."

Mansik alilishika bakuli lake la pombe bila kuinywa. "Ukamjibuje?"

"Nikamwambia aende akaitazame."

"Akasemaje?"

"Akalipa sigara."

Walikunywa. Chini, kofia nyekundu alikuwa anachanganya saruji, na Gijun haonekani, yuko ndani, magotini bila shaka. Ndilo jambo ambalo lilikuwa halijawahi kumjia Mansik akilini miaka yote ile: kwamba wanaolaza mabomba nao hutambaa. Alikuwa amewafikiria kama watu waliosimama wima, safi, wakibonyeza vitufe. Magoti ni yaleyale. Anayeyauza ni yuleyule, na anayelala juu ya kazi yake hajui jina lake, iwe jiwe au bomba.

"Wewe nikikuuliza bei ya chumvi unanijibu kwa mawe," Tak akasema alipokuwa anaondoka. "Lakini hili la mwanao, naona huna jiwe lake."

Mansik akaokota shoka.

Siku ya mwisho ya kazi hakupanda mlimani. Alipika wali, akala kidogo, akalijaza bakuli. Alikuwa ndiyo kwanza anachomeka pembe ya blanketi aliposikia sauti ya Bi Maeng uani.

"Baba Gijun, upo? Vaa viatu."

Alitoka. Bibi alikuwa amesimama katikati ya ua, mdogo kama mtoto, mikono myekundu mpaka viwiko kwa pilipili ya kabichi.

"Sakafu yangu imekwisha. Njoo uikague."

"Dada, mimi mabomba siyajui."

"Hujui mabomba, lakini baridi ya miguuni mwangu unaijua tangu niolewe. Twende. Nimeacha kabichi peke yake na paka."

Hakuna mwanamume wa kijiji kile aliyewahi kumkatalia Bi Maeng mara mbili. Mansik alivaa viatu, akamfuata. Njiani moyo ulikuwa unampiga kama wa mtu anayepelekwa kuposa. Alipanga maneno, akayapangua. Walipofika uani hapakuwa na mtu. Safu ya mawe ilikuwa ukutani. Zana za mafundi hazikuwepo.

Chumba kilinuka saruji mpya. Juu yake walikuwa wametandika plastiki ya njano iliyochorwa ifanane na karatasi ya mafuta, na Mansik alivua viatu, akaingia, akasimama. Hakujua akae wapi. Katika chumba cha mawe nyayo zenyewe humwambia mtu adabu yake: penye joto ni pa mkubwa, karibu na dohani pa mdogo, na mgeni husukumwa asogee motoni naye hukataa mpaka achoke kukataa. Lakini alikuwa amesikia kwamba mabomba huipa kila pembe joto sawa, kwamba ni chumba kisichojua nani ni nani. Akakaa palepale mlangoni, akaweka kiganja chini.

Vuguvugu. Joto la haki, la kila mtu. Akasogea mbele kwa magoti, kiganja kwa kiganja, kama alivyofanya maisha yake yote. Vuguvugu. Akasogea tena, kuelekea ukuta ambao nyuma yake lilikuwa jiko la zamani, na hapo kiganja chake kikasimama.

Pale palikuwa na moto.

Alirudi nyuma, akaja tena. Alipima kwa mkono wa kushoto, usiokuwa na sugu nyingi. Hakukosea.

"Hapa pamekosewa," akasema, na ndani yake kitu kikamwanguka, maana hakutaka mwanawe awe amekosea. "Mabomba yamebanana. Huku kunachoma, huko kunapoa. Watarudi kubomoa."

"Hapajakosewa kitu."

Bi Maeng alifunua blanketi lililokuwa limekunjwa pembeni ya ukuta. Chini yake palikuwa na bakuli la shaba, dogo, la mtindo wa zamani, kifuniko chake kimebonyea.

"Mwenzake alisema maneno hayohayo," akasema. "Niliwasikia wakibishana. Yule mnene anamwambia, nafasi ya bomba na bomba ni moja chumba kizima, bosi akija kupima tutafukuzwa wote wawili. Mwanao akamwambia, bibi huyu ana bakuli la mumewe. Sasa ukisawazisha joto, likae wapi?"

Mumewe alichukuliwa wakati wa vita, akiwa bado kijana, na hakuna aliyeleta habari yake, hai wala mfu.

"Miaka yote hii nakula kiporo cha mume wangu," Bi Maeng akasema, "na mwenyewe hajaja hata kukionja. Akirudi leo ataniuliza kwa nini nimenenepa."

Alicheka, na Mansik akajaribu kucheka naye. Kiganja chake kilikuwa bado pale pale.

"Halafu akalala," bibi akaendelea, akimmiminia supu ya maharage.

"Nani?"

"Mwanao. Jana, mchana kutwa. Kafunga mlango, kafunga dirisha, kalala chali hapo ulipo. Nikamwuliza, wewe, umechoka? Akasema fundi hulala kwanza."

"Mabomba hayana moshi," Mansik akasema. "Alikuwa anasubiri nini?"

"Nami nilimwuliza hivyo."

"Akasemaje?"

"Eti hajui. Kunywa supu, inapoa."

Alikunywa. Joto lilimpanda mgongoni taratibu. Nje mwanga ulikuwa umeanza kugeuka rangi.

"Dada, yuko wapi?"

"Kuna kimchi mpya, onja uniambie chumvi."

"Bi Maeng. Gijun yuko wapi?"

Bibi alijifuta mikono kwa aproni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mimi nimeambiwa nikukalishe tu mpaka jasho likutoke," akasema. "Sasa naona limekutoka."

Mansik alielewa polepole, kama jiwe nene linavyopata joto. Alisimama. Alivaa viatu bila kuingiza visigino, akatoka bila kuaga.

Chini ya kwa Bi Maeng njia hugawanyika. Kushoto inashuka barabarani, dukani kwa Tak, na huko alisikia injini ya gari inaunguruma, haijaondoka. Kulia inapanda kwake. Angekwenda kushoto angeliwahi. Lakini angefika akasimama mbele ya dirisha la gari, na mwanawe angeteremsha kioo, na yeye angekuwa mdomo wazi bila neno, kama usiku ule wa msiba. Alikwenda kulia. Hakuna aliyewahi kumwona Mansik akikimbia, na jioni ile pia hawakumwona vizuri, kwa kuwa giza lilikuwa linaingia. Alipofika kwenye ua wake alisikia gari likiteremka mlima, gia baada ya gia, likapotea.

Dohani yake ilikuwa inatoa moshi mnene, wima. Alikuwa ameacha moto mdogo.

Mbele ya jiko alikuta kuni zimesukumwa ndani kabisa, nyingi mno, za kuchemshia maji ya kijiji. Akavua viatu, akafungua mlango wa chumba. Joto lilimpiga usoni, na pamoja nalo harufu ya karatasi inayoungua.

Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, kama Mama Gijun alivyomfundisha mwanawe. Bakuli lilikuwa tupu. Hapakuwa na punje hata moja. Alikuwa amemimina maji ya moto ndani yake, akalisuuza, akayanywa, kama anavyofanya mtu anayemaliza kula kwao. Kijiko kilikuwa kimelazwa juu ya kifuniko. Na mto wa mti, kile kipande cha gogo ambacho Mansik alikiacha siku zote karibu na dohani, kilikuwa kimehamia upande wa moto. Mtu alikuwa ameweka kichwa pale. Mtu alikuwa amelala juu ya sakafu yake, labda kwa muda wa kuvuta sigara mbili, labda kwa urefu wa bakuli la supu kwa Bi Maeng.

Pembeni ya mto, karatasi ilikuwa na doa jipya la kahawia, kubwa kama kiganja, bado linanuka.

Gijun akiwa mdogo alifanya hivyohivyo. Mama yake aliugua kifua, na mtoto akapakia kuni jikoni mpaka karatasi ikaungua. Mansik alimchapa kwa fimbo ya mwanzi, kwa sababu fundi ambaye karatasi yake imeungua ni fundi wa kuchekwa, na mtoto alilia akisema alitaka tu mama asisikie baridi. Mansik hakuwa ameikumbuka siku hiyo kwa miaka mingi. Aliweka kiganja chake juu ya doa. Lilimchoma. Hakukiondoa.

Kisha akajilaza chali pembeni ya mto, akiuacha mahali ulipo, akiiacha na nafasi iliyokuwa mbele yake. Alisikiliza. Moto ulikuwa unanguruma chini ya mgongo wake. Joto lote lile, na mtu mmoja.

Hakulala sana. Aliinuka, akashuka mpaka dukani. Tak alikuwa anafunga mbao za mbele.

"Umechelewa," Tak akasema kwa upole. "Wameondoka."

"Najua. Nipigie simu."

Kijijini simu ilikuwa moja, nayo ilikaa kwenye kaunta ya Tak, kati ya mizani na samaki wakavu. Namba ya watu wa mabomba ilikuwa ukutani, chini ya kalenda waliyoigawa bure.

"Saa hizi wamefunga, mzee."

"Mlinzi atakuwepo. Hata mabomba yana mlinzi."

Tak alizungusha namba. Alisubiri, akasalimia, akaomba samahani, kisha akaziba kinywa cha simu kwa kiganja. "Yupo. Nimwambie nini?"

Mansik alikuwa anaangalia sakafu ya duka, ya saruji, baridi kama kaburi.

"Mwambie Pyo Gijun ameunguza karatasi yangu."

Tak akarudia kwenye simu. "Enhe. Kisha?"

"Aje abandike nyingine."

Tak akarudia. Akamtazama. "Hiyo tu?"

Mansik aligusa ukingo wa mizani, akauacha. Mlinzi upande wa pili akaanza kuita halo, halo, na Tak akamwambia subiri, kaka, subiri kidogo, kuna mzee hapa anafikiri.

"Karatasi ya mafuta haikauki siku moja," Mansik akasema mwishowe. "Gundi ikauke, mafuta yaingie, ipakwe tena. Mwambie hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Mwambie atalazimika kulala."

Tak alimtazama, kisha akageukia ukuta, akasogeza simu mdomoni.

"Umesikia? Atalazimika kulala. Huku, kwa baba yake. Ndiyo. Liandike neno hilo kama lilivyo: kulala." Akakata simu, akabaki amempa mzee mgongo, akipangapanga samaki waliokuwa wamepangwa tayari. Kisha akachukua mfuko mdogo kutoka rafuni. "Misumari yako. Imekaa hapa tangu wiki iliyopita."

Mansik aliuchukua mfuko, akatoka. Njia nzima misumari ilikuwa inalia mfukoni. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanza kuanguka, nyembamba, isiyo na haraka, na nyayo zilizobonyea kwenye udongo kutoka uani kwake, za kiatu kikubwa cha mtu wa kazi, zilikuwa zinaanza kufutika.

Alipika wali mwingine. Alilijaza bakuli, akalifunika kwa kifuniko, akaliweka upande wa moto juu ya doa la kahawia, na juu yake blanketi. Asubuhi aliula yeye mwenyewe. Mchana akapakua mwingine.